Kaburi Kando ya Simba Yako

Homa Bay

Kaka yangu mpendwa Willis,

Salamu nyingi zikufikie hapo Osiri. U mzima? Siku zote nauliza kwa mazoea, lakini leo nataka jibu. Sisi tunapumua, ila Mama hali chakula, na simu yako haipatikani tangu Jumapili. Nimempa Cliff barua hii kwa kuwa analeta dagaa wa omena huko machimboni.

Wale watu wa sinema waliokodi boma letu bado wapo. Mimi namsaidia Begoña, mwigizaji kutoka Uhispania. Mama humwita Nyar Spain, binti wa Spain, na kumlazimisha ale ugali kwa mkono. Ameniambia kwamba alianza sinema akiwa msichana, picha zake zikabandikwa kote Madrid, kisha umri ukasogea na simu zikaacha kulia. Siku hizi hupewa sehemu ya nyanya anayekohoa kitandani na kufa kabla watu hawajakaa vizuri. Filamu hii ndiyo tumaini lake la mwisho. Anaigiza mama aliyefiwa na mwanawe mgodini.

Basi wakachimba kaburi kando ya simba yako, kile kibanda chako cha ujana, mahali anapostahili kuzikwa mwana wa boma. Mama akawasihi watupe mgomba ndani usiku ule, kwa sababu kaburi likilala tupu humwita mtu. Mwongozaji alicheka, akasema ni shimo tu. Likalala wazi.

Asubuhi Begoña akashindwa kulia. Alijaribu, akajaribu, mpaka mwongozaji akaanza kunong'ona kwamba heri angemchukua mwingine. Nikamhurumia, nikamnong'oneza maneno fulani. Hapo akalia kilio kilichovuka ua. Mwongozaji anasema Begoña hajawahi kuigiza vizuri hivyo maishani mwake.

Kaka, mdomo umeniponza. Maneno yenyewe yalikuwa wewe. Nilimweleza unavyoshuka shimoni kwa kamba, na jinsi Mama anavyoamka akitaja jina lako. Akalia akiita Willis, Willis wuoda, Willis mwanangu, kwa Kiluo nilichomfundisha mwenyewe. Mtu hai kaliliwa juu ya kaburi lililo wazi! Mama alitoka jikoni, akavua kitambaa cha kichwa, akaketi chini. Jioni redio ikasema shimo la mgodi limeporomoka huko kwenu upande wa Migori. Majina hawakutaja. Naogopa, Willis.

Begoña amemwomba mwongozaji afute kilio kile. Naye amekataa. Sasa Begoña anashinda na Mama mlangoni pa simba yako, hakuna anayejua lugha ya mwenzake.

Mgomba umeshakatwa, uko pale ukingoni. Jirani alitaka kuutupa ndani tumalize jambo hili, Mama akamzuia. Amesema ni wewe utakayeutupa, kwa mkono wako, yeye akitazama.

Wasalimie wote unaochimba nao. Usinijibu kwa karatasi, rudi na Cliff.

Ni mimi mdogo wako,
Irine