Nyumba Inayoungua Bila Moshi

Kaka Mshamu,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, lakini sikuwahi kuanza neno nawe bila shikamoo, na uzee huu si wa kujifunza adabu mpya.

Homa ile tuliyoifukuza mimi na wewe tangu ujana wetu imeingia nyumbani kwako. Imepitia matanga yako mwenyewe. Niache nieleze taratibu, maana hata ulipokuwa hai ulinikemea kila niliporuka hatua.

Ulipozikwa, jamaa walikuja kutoka Zinga, Mbegani, na wale wajomba zako wa Vigwaza na wake zao. Wakalala chini kama ilivyo desturi, wanaume barazani, wanawake chumba cha uani pamoja na mkeo, kila mgeni na mkeka wake. Nani angemwambia mfiwa apande kitandani? Matanga yakaanuliwa, watu wakaagana. Muda si muda, mpwa wako Zuhura akashikwa na homa. Ikamwacha, tukashukuru. Kisha ikarudi kali kuliko mwanzo, na macho yakawa manjano. Akafuata mwanamke mmoja wa Zinga. Kisha Mwanaidi, mkeo.

Mjini wakasema ni pilau ya msibani. Wengine wakasema ni kisima. Mimi nikafanya kama ulivyonifundisha: usiulize kala nini mpaka umeuliza kalala wapi. Unamkumbuka mama yule wa Zinga aliyekutangaza mbele ya mumewe? "Bwana Afya gani huyu? Kila siku aja kuuliza tumelala wapi, mwisho atauliza na nani!" Ulicheka hadi ukakaa chini, kisha ukamuuliza tena, kwa upole ule ule. Ndivyo kazi yetu ilivyokuwa. Daktari alimtibu mgonjwa aliye mbele yake. Sisi tulitafuta njia ugonjwa uliyopitia, ili tuutangulie.

Basi niliuliza, nyumba kwa nyumba. Pilau walikula wote. Maji walikunywa wote. Wanaume wa barazani, wazima. Wanawake waliokuja mchana na kurudi kwao jioni, wazima. Walioumwa ni wale waliolala chumba cha uani, bega kwa bega na wanawake wa Vigwaza. Na Vigwaza unaijua: zile kambi za wapita njia, tulikofukua sakafu tukawakuta papasi, kupe wanaoambukiza homa hii, wamejibanza kwenye nyufa, rangi yao na ya udongo ni moja. Papasi hana haraka. Huuma gizani, hurudi kwenye ufa wake, na akikosa damu hungoja miaka. Ulikuwa ukilisema hilo kwa sauti ya chini, kana kwamba wanasikia.

Mwanaidi ana mimba yako, Kaka. Nadhani ulikufa hujajua. Na wewe ndiye uliyenionyesha homa hii inavyowafanya wenye mimba. Sitaandika zaidi.

Nilitaka kumtoa mle ndani. Dada yako, Bi Mwanahawa, akasimama mlangoni: "Mjane hatoki edani, Mzee Sefu, hata nyumba ikiungua! Akae mpaka ajifungue." Sikubishana naye. Nikamwendea shehe wa msikiti wetu, nikamweleza yote, hata ya papasi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita Bi Mwanahawa: "Mama, ikiungua si atatoka mbio? Basi inaungua. Hauonekani moshi tu." Bi Mwanahawa akalia, akakubali. Tukamleta Mwanaidi kwangu, akae eda yake kwa mke wangu, kwenye sakafu ya saruji.

Nikadhani tumewahi. Nilirudi kutoka sala ya alasiri nikamkuta amelalia mkeka wake ule ule na mto wake wa sufi. Bi Mwanahawa alikuwa amevifuata, akavibeba kichwani, kwa huruma, ili mjane wa kaka yake asilalie vya watu. Nilivikung'uta barazani juu ya shuka jeupe. Papasi wakadondoka, nikawaua, na matandiko nikayachoma jikoni. Lakini sauti yako naisikia: uliowaona si neno, neno ni usiowaona.

Sindano ya mwisho ya hospitali ilimpata Zuhura, naye anaendelea vizuri. Nimemtuma mtu Dar es Salaam akalete nyingine, na mvua za masika zimeikata barabara.

Leo ni siku ya tano tangu homa imwache Mwanaidi. Amekunywa uji, akamtania mke wangu kwamba anapika kama wa jela. Bi Mwanahawa ametoa sadaka, majirani wanapeana mikono. Nami natabasamu nao. Nimweleze nani kwamba utulivu huu ni sehemu ya ugonjwa? Ungekuwapo wewe, tungetazamana tu.

Nyumba yako nimeifunga. Arobaini imekaribia, na jamaa wa Vigwaza wameleta salamu kwamba watakuja tena kulala, kwa heshima yako, na mikeka yao. Nitasimama mlangoni mwako, Kaka. Watanitukana, watasema namfukuzia ndugu yangu dua. Khitma itasomwa msikitini, na hapana mtu atakayelala chini mle. Sakafu ya chumba kile nitaifukua kwa jembe mimi mwenyewe, kabla mwanao hajaanza kutambaa. Hilo nakuahidi. La mama yake siwezi kukuahidi. Hilo namwachia Mungu, na barabara.

Kwa heri, Kaka Mshamu. Wewe peke yako sina haja ya kukuuliza umelala wapi.

Nilikuwa nikunje karatasi hapa. Mke wangu ananiita kutoka chumbani. Anasema Mwanaidi anaomba shuka la pili, anahisi baridi.