Kwa Baba, Mwalimu wa Vitunguu

Baba yangu,

Hapa Biryogo mvua imerudi, na watu wachache wamerudi nayo. Mimi mzima. Shangazi anasema nimekauka, wala simbishii, kwani tangu mauaji ya Aprili sijalia hata mara moja. Nakula nikipewa, nalala nikiambiwa.

Shangazi anataka tukusomee hitma, kama wasomewavyo wafu. Nimekuwa nikikataa. Ulitoka kwenda Kicukiro kumchukua yeye, yeye akangoja, hukufika. Hakuna aliyeuona mwili wako. Sasa shehe nimwite nimwambie nini?

Unakumbuka vitunguu vyako? Ulivikalisha dirishani juu ya glasi za maji, mizizi ikining'inia, mpaka majirani wakakuita Mwalimu wa Vitunguu. Saa nne asubuhi unakata ncha za mizizi, maana saa hizo seli hugawanyika kwa wingi. Ulinieleza kuwa hazigawanyiki ovyo: kuna jeni zinazoruhusu na jeni zinazozuia. Seli ikiwa na hitilafu katika nakala ya urithi wake, husimamishwa mpaka irekebishwe. Nikakuuliza kama iliyosimama imekufa.

"Hapana, mwanangu. Inangoja tu."

Maneno hayo nimeyang'ang'ania miezi yote hii, Baba, kana kwamba ulikuwa unajizungumzia mwenyewe.

Waporaji walichukua magodoro na redio, hadubini yako wakaiacha. Sijui wangemuuzia nani. Basi nikaweka kitunguu. Mizizi ilipotoka nikaikata, nikailainisha kwa asidi, nikaitia rangi, nikaipasha kidogo, nikaifunika kwa kioo na kubonyeza kwa dole gumba, taratibu, kioo kisivunjike. Kisha nikasogea pembeni. Si ndiyo desturi yako? Aliyeandaa asitazame wa kwanza, maana ataona anachokitaka. Nikasimama pale nakungoja wewe utazame, kama mjinga, mpaka chai ikapoa mezani.

Shangazi aliingia akanikuta hivyo. Akainama yeye, akatazama.

"Iko nyuzi nyekundu," akasema. "Zinaachana, nusu huku, nusu kule."

Nikamuuliza kama ana hakika.

"Naona, mwanangu. Na kaka yangu hakufika. Nilikaa mlangoni mpaka giza likaingia, hakufika."

Ndipo na mimi nikatazama. Zilikuwa zinaachana kweli, hazikumngoja mtu. Sikusikia furaha, sikusikia uchungu. Nilisikia tu kwamba umekufa, jinsi mtu anavyosikia baridi ya sakafu miguuni. Nikamwambia Shangazi, haya, tusome.

Hitma ni Alhamisi, baada ya alasiri. Majirani waliobaki watakuja, na mikeka tumeazima. Shehe aliponiuliza nimtajie jina la wa kuombewa, nililitaja lako lote, nikatanguliza "marehemu". Nilidhani ulimi utakwama. Haukukwama, Baba, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Mungu akulaze pema, popote ulipolala.

Binti yako