Tai ya Mlinzi

Chumba cha Nyuma,
Juu ya Duka la Magodoro.
Jumatatu, tarehe 9.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu zangu zikukute umeshiba. Hujambo? Kile kifua kimeacha kukusumbua? Huku sisi ni wazima, isipokuwa mguu wa mke wangu, shangazi yako, umevimba, na umaarufu wangu umevimba zaidi.

Ndiyo, umaarufu. Mjomba wako sasa ni mchekeshaji. Kutwa nipo palepale kwa dobi napiga pasi, mashati mia tatu, mia nne nikiwa na hasira, na Jumamosi saa kumi jioni napanda jukwaani kwenye ukumbi nyuma ya kinyozi. Mwezi mzima nilifanya mazoezi mbele ya mashati. Hayacheki, lakini angalau hayaondoki.

Sheria ya pale ni moja: mgeni akitaka dakika tano, alete watu watano wa kwake wajaze viti. Nikaleta wapiga pasi watatu, shangazi yako na mama yako.

Nilianza na vichekesho vya dobi. Kimya. Jamaa mmoja akapaza sauti, "Mzee, kaanikwe!" Sasa mimi, niliyewahi kumchekesha maiti mpaka akakataa kuzikwa, nife kwa kimya? Nikakumbuka barua yako.

Najua uliandika, "Mjomba, hili libaki kwako, mama asijue." Na jina sikutaja. Nilisema tu kuna bwana mmoja ughaibuni, kafukuzwa ofisini, sasa anasugua masufuria hotelini, na kila mwezi anaazima tai ya mlinzi apige picha ya kumtumia mama yake. Ukumbi ukalipuka! Mzee mmoja meno yake ya bandia yaliruka mpaka mstari wa tatu. Mama yako ndiye aliyecheka kuliko wote. Akasema kwa sauti, "Maskini mama wa mjinga huyo!"

Hapo ningeshuka. Lakini kicheko kitamu, mpwa. Nikaongeza na rangi ya tai: nyekundu, madoa meupe.

Picha yako yenye tai hiyo mama yako kaitundika sebuleni, kawaonyesha mpaka wasoma mita. Aliacha kucheka mdomo ukiwa bado wazi. Akasimama.

"Kaka, huyo ni mwanangu?"

Nami nikasema kwenye maiki, "Jamani, mwenye mzigo kajitokeza!"

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Walimcheka kuanzia kitini mpaka mlangoni.

Nimemwambia ni uongo wa jukwaani. Nimedanganya tangu naota meno, na hii ndiyo mara ya kwanza sikuaminiwa. Picha hajaishusha. Akipita husimama mbele yake na kuuliza, "Masufuria ya huko ni makubwa?" Haniulizi mimi. Anaiuliza picha.

Basi usimtumie nyingine. Mwandikie ukweli, hata mistari miwili.

Mimi Jumamosi hii nimepewa dakika kumi. Mama yako kasema hatakanyaga tena pale, kwa hiyo nitayasema yote. Ukikasirika, nikasirikie kwa kirefu, barua iwe ndefu na usiache kitu. Dakika tano za mwisho bado sina cha kusema.

Shangazi yako anakusalimu na mguu wake. Wapiga pasi wanakusalimu pia. Wanakuita Bwana Tai. Mungu ailinde mikono yako isichubuke.

Ni mimi, wa damu yako, nikupendaye hata ukinichukia,

Mjomba.