Bega la Nyumba Yetu

Rugarama, Masisi, tarehe 9 mwezi wa pili 2022

Mujukuu yangu Rukundo,

Umeamka namna gani kule Walikale? Mwili iko na nguvu? Unakula, ao unakunywa tu? Sisi tuko, Mungu anatushika. Kikohozi kinanisumbua, lakini kinywa haina ugonjwa. Dada yako Umuhoza njo anaandika, mimi Tate, nyanya yenu, nasema, na nimemukataza kulainisha maneno yangu. Tumbo lake imekuwa kubwa. Tangu shimo la mawe ya madini limufunike bwana yake Patient, hii mimba njo kitu kinamuamsha asubuhi. Mwezi wa tano tutapakata mutoto.

Fiston wa moto, yule wa kubeba watu na pikipiki, alinifikishia barua yako. Unataka jeep mupya, viti vya ngozi, baridi ndani kama mu friji, na unaniomba shauri. Sawa. Hiyo gari inakula nini? Ikigonjwa, nani anaitibu huko kwenu, ao fundi atatoka Goma? Na wale wenye bunduki wanaofunga njia kwenye baryeri, wakiiona, watakuomba sigara ao watakuomba yote? Ungenunua ng'ombe: ikisikia risasi inaingia mu pori yenyewe. Gari inangoja mwenye funguo.

Kama moyo imekataa kutulia, nunua ile ya okazyo, iliyokwisha kutumika, ya kubeba mizigo. Hakuna mwizi anaipenda.

Lakini usiache kumulipa Hakorimana. Unajua nyumba yetu haina mwanaume. Yeye njo anatoa bega pahali petu mu kipoyi. Huku muntu akigonjwa, wanaume wanane wanamubeba juu ya machela mpaka hopitali, na kila nyumba inatoa bega yake. Njia ya gari inaishia chini kwa daraja ya miti. Kutoka pale ni matope na miguu. Usisahau pahali ulizaliwa.

Tate yako,
Kampire


Walikale, tarehe 2 mwezi wa tatu 2022

Tate mupendwa,

Nakusalimu sana. Kikohozi kimepungua? Kunywa maziwa ya moto, usibishe. Mimi niko muzima, kazi ya mawe inaendelea.

Maneno yako nimeyapima. Ile ya okazyo niliiona: moteri inakunywa mafuta kama mulevi, na muuzaji aliapa mara nyingi mpaka nikaogopa. Mupya bei yake inaumiza, lakini ina garanti. Na huku, Tate, wanunuzi wakubwa wanamuangalia muntu magurudumu kabla ya uso. Mwenye jeep wanamupa feza mbele ya kuona mawe. Mwenye moto wanamuacha asimame kwa mulango. Nimesimama ya kutosha.

Kwa hiyo nakusanya kila kitu. Hakorimana nimemusimamisha. Nimemuandikia pia Papa Nzabonimpa, mukubwa wa kipoyi, afute jina ya nyumba yetu, sababu tutakuwa na gari. Nitakuja mimi mwenyewe kumuchukua Umuhoza mbele ya siku zake. Tutamushusha polepole mpaka kwa daraja, kisha hopitali, kwa kiti cha ngozi. Mutoto wa Patient hatazaliwa mu matope.

Mujukuu wako,
Rukundo


Rugarama, tarehe 20 mwezi wa tatu 2022

Rukundo,

Mimi niko muzima na hasira yangu iko nzima pia.

Barua yako kwa Nzabonimpa ilisomwa mbele ya wanaume, kisha ya misa. Walicheka. Mumoja aliuliza kama jeep itatuchimbia kaburi pia. Hakorimana alikuja kuniaga na haya, kama vile yeye njo alikosa.

Nilibeba maziwa, nikaenda kwa Nzabonimpa. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Akasema: "Mama Kampire, siyo sisi tulitoa bega yenu. Mwenye kuitoa njo atairudisha."

Umesikia? Mutamushusha Umuhoza polepole, wewe na nani? Wewe na viti vya ngozi? Andika karatasi moja kwa yule muzee. Sema umekosa. Haitakuomba mafuta, haitakuomba garanti. Ao unaogopa kalamu?

Mimi niliyekuogesha,
Tate yako Kampire

Kaka, mimi Umuhoza naongeza, na Tate hajui kusoma kwa hiyo tuko salama. Amekasirika sababu anaogopa. Mimi naogopa kidogo tu. Hiyo jeep iko rangi gani? Redio inapiga nguvu?


Walikale, tarehe 29 mwezi wa nne 2022

Tate na Umuhoza,

Nawasalimu na furaha. Jeep imefika, imetoka upande wa Kisangani. Umuhoza, ni nyeupe, na redio inatikisa mulango.

Natoka huku siku ya posho, Jumamosi. Kesho yake jioni nitakuwa kwa daraja, nitalipa vijana wa soko wapande kumubeba. Mutayarishe nguo za mutoto. Tate, nakuomba, usiende tena kupiga magoti kwa Nzabonimpa. Mutu wa Rukundo hapigi magoti kwa wabebaji.

Rukundo


Rugarama, tarehe 14 mwezi wa tano 2022

Mujukuu yangu,

Utaona mwandiko si ile unajua. Anaandika Mama Vénantie, muke ya Nzabonimpa. Umuhoza tumemuzika.

Nisikilize yote. Uchungu ulimushika ile siku ulisema utafika. Tukakaa tunasikiliza njia. Kila moto ikilia kule chini, anasema, "Njo kaka." Nikataka kwenda kwa Nzabonimpa, Umuhoza akanishika kanga: Rukundo amesema tungoje, tusimupatishe haya. Kesho yake damu ikaanza. Sikumuuliza mutu tena, nikakimbia.

Nzabonimpa hakuvaa hata viatu. Aliita, wakatoka. Hakuna aliuliza jina yetu iko wapi. Hakorimana alishika mbele. Walipita ile daraja wanakimbia na mvua, na Umuhoza aliwaombea, mpaka sauti yake ikaisha. Mutoto alitoka mbele ya hopitali. Mama hakufika. Mutoto ni mwanamuke, anakunywa maziwa ya ng'ombe ya Nzabonimpa, analia kama mwenye deni lake halijalipwa.

Fiston aliniambia mahali ulikuwa. Kashebere, kwa baryeri. Wale wenye bunduki walitaka jeep, wewe unaongea nao, siku zinapita. Yeye alipita pale, akakuambia: dada yako uchungu umemuanza, acha hiyo gari, panda nyuma yangu, jua halitashuka tukiwa njiani. Ukamujibu, "Nikiiacha hapa, wataichukua."

Hawakuichukua. Nimesikia uko nayo.

Ulimutuma Fiston aseme jeep itabeba sanduku ya dada yako. Hapana. Umuhoza alipanda na mabega, na yote yalitosha.

Kuja. Usipite kwa nyumba kwanza, pita kwa Nzabonimpa. Hatakupiga. Kuja tu.

Tate yako


Rugarama, tarehe 3 mwezi wa saba 2022

Rukundo,

Vénantie njo anaandika tena. Natumaini unalala. Mimi silali vizuri, mutoto ananiamsha, na inafaa.

Hukujibu. Lakini siku ya mungu, Jumapili iliyopita, nilikuona. Kutoka huku juu daraja inaonekana vizuri, na hakuna jeep nyingine nyeupe mu hii njia. Nikatoa kiti inje. Nikamuambia Vénantie aweke viazi ku moto. Watoto walishuka kuigusa, wakarudi kusema uko ndani, vioo vimefungwa, moteri inalia, hukufungua. Ulikaa mpaka ng'ombe zikarudi. Kisha ukageuka.

Hakorimana alitaka kushuka kukuita. Nilimukataza. Nilisema, aje na miguu yake.

Ulikosa, Rukundo. Wengine watakuambia ni Mungu alipenda. Mimi sitakudanganya, wewe siyo mugeni. Ulipima gari na dada yako, ukachagua, na utazeeka ukijua. Lakini mimi njo nilikulea, na sina mwingine. Wanaume wa huku wanakusema vibaya, ni haki yao. Watakusema hata ukiwa umesimama mbele yao, na utavumilia, kisha siku moja muntu atagonjwa na watakuonyesha pahali pa kushika.

Padri anauliza jina ya mutoto. Nimemujibu kwamba mujomba yake iko njiani. Nimemujibu hivyo mara mbili, na ya tatu nitakuwa mwongo.

Ile njia imebaki siyo ndefu. Miguu yangu haiwezi tena kushuka kukuchukua. Zima moteri, fungua mulango, ushuke.

Tate yako,
Kampire