Ishara za Kanisani

Dada yangu mpendwa,

Huku mvua imetulia na watoto hawajambo. Ila upasuaji wa koo umeondoka na sauti ya shemeji yako, hataongea tena.

Unamkumbuka fundi cherehani asiyesikia, niliyekaa naye benchi moja kanisani miaka tisa? Nilijifunza ishara zake ili nimweleze mahubiri, nawe ukanitania, "Unafukuza nzi?" Sasa namfundisha mume wangu ishara zilezile. Je, Mungu alikuwa akiniandaa, au siku ile ya kwanza nilikosa tu pa kukaa pengine? Wewe waonaje?

Wiki nzima mume wangu aligeukia ukutani. Leo, kabla ya chai, amesali kwa ishara tatu anazozijua: Baba, asante, nisaidie. Nami, kwa mara ya kwanza, sikufumba macho kwenye sala.

Mdogo wako akupendaye