Lori Niliyoifungia Petroli Kama Mursik

Shangazi Nyathira, nisikilize mbio mbio kwa sababu Jumamosi iko karibu na mimi nimejiweka pabaya, na tafadhali jina langu usilitaje hewani. Ni mkulima wa chai huku Roret, niko na lori ndogo ya jeshi ambayo marehemu baba alinunua kwa mnada, kuukuu lakini ukiiona moyo unaruka, na miaka ishirini na tano iliyopita ndiyo ilimpeleka mke wangu Drusilla kanisani siku ya harusi, ikazimika hapo kituo cha kupimia chai, akashuka na gauni lake jeupe akasukuma pamoja na kwaya huku akicheka mpaka ikawaka, na mimi nikajua huyu ndiye. Jumamosi tunarudia kiapo, na nimemuahidi mbele ya wazee wa kanisa kwamba ataenda na lori ile ile.

Shida ni kwamba mwaka jana nilijaza tangi mpaka juu, nikafunga kifuniko na nailoni na mpira wa baiskeli, nikaiacha, nikisema hata mursik, maziwa yetu ya kugandisha, ukiifunga vizuri kwa kibuyu inazidi kunoga, na baba alikuwa anaweka petroli kwa pipa mwaka mzima na lori inanguruma. Juzi nikafungua, woi, harufu kama rangi ya mabati, mipira ya kupitisha petroli imelainika inavuja, na kabureta imejaa gundi ya manjano. Fundi Omosa akaniambia petroli ya siku hizi haikai, nikamfukuza, nikaongeza lita tano mpya juu ya ile ya zamani, na haijakohoa hata mara moja.

Aibu yangu kubwa, Shangazi, ni kwamba Drusilla akiuliza nasema iko sawa, na kila jioni jirani yangu Wachira anawasha pawa soo yake ya kukata miti nyuma ya ghala ili Drusilla akiwa jikoni afikirie ni injini, na jana mke wangu akanitumia chai huko na vikombe viwili, sijui kwa nini viwili. Nifanye nini? Yeye anakupenda sana, anakusikiliza kwa simu akichuma chai.

Mzee wa Lori, Roret

Mzee wa Lori, nimecheka mpaka nikaletewa maji hapa studio. Pole sana. Sasa kaa chini nikugombeze.

Petroli si mursik! Mursik ina kibuyu chake na mkaa wake. Petroli ikifungiwa muda mrefu inazeeka, na ikikauka inaacha hiyo gundi uliyoiona. Ile ya baba yako ilichanganywa kwa njia nyingine, na mipira ya lori ilitengenezewa hiyo, si hii ya leo. Na kuongeza mpya juu ya mbovu, hata maziwa yako hungeyafanyia hivyo.

Leo, si kesho, nenda kwa Omosa umwombe msamaha. Atoe petroli yote, mbali na moto, na isimwagwe shambani wala mtoni. Aoshe tangi na kabureta, aweke mipira mipya inayostahimili petroli ya sasa, na akague breki. Kuanzia hapo nunua kidogo tu, ya wiki mbili tatu, na uiendeshe kila Jumapili. Ukitaka kuilaza miezi, toa yote.

Pawa soo irudi kwa Wachira. Ati mama wa Roret hajui sauti ya pawa soo? Vikombe viwili, mzee! Kimoja kilikuwa cha Wachira. Amejua tangu mwanzo, akakunyamazia kwa mapenzi. Mtu aliyesukuma lori na gauni la harusi, ulikuwa unamficha nini?

Jina lako sijalitaja, vile uliomba. La Drusilla hukuniambia nilifiche, nami nimelisoma mara tatu. Saa hii yuko katikati ya chai na simu mfukoni, na amesikia yote. Nenda ukambebee kikapu, na umwambie Jumamosi avae viatu vya kusukumia.