Ulikuwa Unacheua Nini, Baba Felista?

Baba Felista,

Habari za huko sikuulizi. Hata ulipokuwa hapa, ukiulizwa habari ulijibu "nzuri" hata kama paa linavuja juu ya kichwa chako. Nakupa za huku. Yule mbuzi wako mwenye pembe moja amezaa mapacha, majike wote wawili, na wote wana weupe ule ule kwenye kwato. Mahindi yalibeba vizuri. Felista amefanywa mkuu wa taaluma shuleni kwao Mbinga! Msichana wetu! Shule imejaa wanaume wenye vitambi na shahada zao, wakaangaliana wee, mwisho wakamwona yeye. Nilitangaza mtaa wote wa Msamala. Kanisani nilimwambia hadi mpiga kinanda, na misa ilikuwa haijaisha. Ungekuwepo ungesema, "Mama Felista, punguza," na mimi ningeongeza.

Hizo ndizo nzuri. Sasa nakuja kwenye lililonikalisha hapa na kalamu, mimi wa darasa la saba, mwandiko wangu unaujua.

Gaudensi mdogo wako ametuma salamu. Wanataka kukujengea kaburi kabla mvua hazijaanza, watie saruji, wasimike msalaba, ndugu wote wawepo. Anauliza kama shemeji atakuja. Shemeji ndiye mimi. Tangu tulipokuzika sijakanyaga huko kwenu nyuma ya Hanga, na sababu unaijua. Kama huijui, leo utaisikia mpaka mwisho, maana leo huwezi kuinuka ukasema unakwenda kuangalia mbuzi.

Unakumbuka ile likizo Felista alipokuja na kamusi nene kama tofali? Ilikuwa jioni, tuko bandani. Wewe umekaa kwenye kigogo chako, mimi nafagia, mbuzi wamejilaza wanacheua. Felista akawatazama, akacheka peke yake. Akasema, "Baba, unajua Waingereza wana neno la kuwaza jambo kwa makini, na asili yake ni hawa hawa mbuzi?" Akaokota mkaa, akaliandika kwenye mlango wa banda: ruminate. Akatueleza kuwa limetoka kwenye Kilatini, kile cha misa za zamani, alichokuwa akikiimba bibi yangu bila kuelewa hata mstari. Huko Kilatini habari ilikuwa ya koo, na ya lile tumbo la kwanza ambalo mnyama hujaza majani harakaharaka akiwa malishoni. Akishapata kivuli anajilaza, anayarudisha mdomoni, anayatafuna upya, polepole, mpaka yalainike. Watu wa kale wakaona kuwa binadamu mwenye jambo moyoni naye hufanya vivyo hivyo, analimeza, analirudisha, analitafuna tena. Waingereza wakalibeba neno na mbuzi wake ndani.

Nikasema hapo hapo, hilo neno ni la mume wangu. Wewe ukatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Ukampapasa yule mwenye pembe moja, ukasema, "Kumbe mwenzangu umesoma."

Kesho yake nililipeleka sokoni. Mama Zuwena wa korosho, mtu wa Tunduru, unamjua, hakubali kupitwa. Akaniambia, "Sisi tuna kutafakari. Limetoka kwa Waarabu, limepita kwenye dini, halinuki mbuzi." Nikamjibu, "Lako limetoka kwa Waarabu, langu limetoka kwa mwanangu." Wauza dagaa walicheka mpaka wakashika meza. Naye akacheka, akanijazia korosho kwenye pindo la kanga. Unazikumbuka, ulizila wewe.

Tangu siku ile ukapata jibu la kila kitu. Nikikukuta umekaa kimya, nikuulize unawaza nini, unasema, "Nacheua." Mwanzoni ilikuwa mzaha. Baadaye ikawa sheria ya nyumba. Wageni wakija nawasimamisha uani: "Ngojeni kidogo, mwenye nyumba anacheua." Nilijivuna nalo, Mungu ananiona. Waume wa wenzangu wanawaza kilabuni kwa sauti na ngumi mezani, wangu anawaza ametulia kama askofu. Kuku akipiga kelele karibu na kigogo chako nilimfukuza. Felista akipiga simu nilimwambia azungumze na mimi kwanza. Kimya chako nilikilinda kama mtoto aliyelala.

Kumbe nalinda nini?

Siku ya kukuzika, vijana wa jumuiya walianza kuchimba asubuhi pale pale tulipopanga, hapa uani, kando ya Kastori wetu, ambaye Mungu alitupa akamchukua kabla hajaota jino. "Mimi huku, wewe huku, mtoto katikati." Maneno yako hayo, uliyasema umeshika jembe, nikalia, ukanifuta machozi kwa mkono wenye udongo. Shimo lilikuwa limewafika kifuani Gaudensi alipowasili. Akasimama mbele ya watu, kofia mkononi. "Kaka aliniachia neno. Alitaka alazwe kwa mama yetu."

Nilicheka, Baba Felista. Jeneza liko mbele yangu, nikacheka, nikidhani msiba umemchanganya. Akasema ulimwambia zamani, na kila ulipokwenda kwenu ulimrudia. Shangazi zako walijua. Katekista wa huko alijua, alishaonyeshwa mpaka na mahali penyewe. Nikauliza, na mimi? Gaudensi akaangalia viatu vyake. "Kaka alisema, Mama Felista nikimwambia, Songea yote itajua kabla jua halijazama."

Alilisema hilo mbele ya watu. Niliona wanawake wakijifunika kanga mdomoni, na hawakuwa wanalia.

Mjomba wangu, mzee Fidelisi, ndiye aliyesema kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, litadai mtu mwingine wa nyumba hii. Basi waling'oa mgomba nyuma ya jiko, wakaupunguza majani, wakauzungushia shuka, wakaulaza mle. Mahali pako. Nilirusha udongo kwa mgomba, kisha nikapanda gari la kukodi nikaenda kurusha wako. Nitajie mke aliyezika mara mbili kwa siku moja.

Na njiani, Gaudensi amekaa karibu nami, ndipo aliponieleza kwamba mama yako alipofariki ulikuwa mbali, Mtwara, kwenye kibarua. Ukafika udongo umekwisha kukauka. Ulikaa pale mpaka wakaja kukuinua. Mimi nimekula nawe, nimelala nawe, nimekuzalia, nikaisikia habari hiyo ndani ya gari, kwa mdogo wako, na wewe uko nyuma yetu umelala, hata kukohoa hukohoi.

Ungeniambia! Ningepiga kelele, ndiyo. Ningekupikia mboga isiyo na chumvi. Ningenuna mpaka mbuzi wangeniogopa. Halafu ningekuuliza, kwa nini, ungeniambia habari za mama yako, ningekubali. Hilo ndilo linalonichoma. Ningekubali, na ningejisifu nalo sokoni, kwamba mume wangu ana moyo wa kumrudia mama yake. Ulininyima hata nafasi hiyo.

Eti mimi nasema sana. Nasema, sikatai, mdomo ni wangu na Felista ni wangu. Lakini nani anajua kwamba usiku wa kumzika Kastori ulilia bandani umekumbatia shingo ya mbuzi mpaka akalia naye? Hakuna. Nani anajua ulivyoogopa sindano kule hospitali mpaka nesi akakushika mkono kama mtoto? Hakuna. Yako nimeyakalia miaka yote. Niliyokuwa natangaza ni mazuri yako tu, na mengine niliyaongeza mwenyewe.

Felista anakutetea, wala usihofu, damu yako hiyo. Aliniambia, "Mama, baba hakutaka kukuumiza, alishindwa tu pa kuanzia." Nikamwambia, wewe mwalimu, mwanafunzi akishindwa pa kuanzia, akarudisha karatasi nyeupe, unampa alama? Akatoka nje, nikamkuta bandani anaangalia mlango. Maandishi yake ya mkaa bado yapo, nimekataa yasifutwe. Nimekuwa nikiyatazama kila ninapowafungulia mbuzi, na nawatazama na wao. Mbuzi akicheua unamwona, Baba Felista. Taya zinakwenda, wenzake wamelala ubavuni, hakuna anayejificha. Wewe ulimeza hapa, ukaenda kucheulia Hanga.

Sasa sikia jambo. Ule mgomba umechipua. Waliung'oa na kisiki chake, kwa haraka hakuna aliyefikiri. Mvua za kwanza zilipopiga nikaona kijani kinatoka kwenye kaburi, nikapiga yowe, majirani wakaja mbio. Mzee Fidelisi alitaka waukate. Nikasimama na mwiko wa ugali, nikamwambia, mjomba, shikamoo, lakini aukate nani? Leo umepita dirisha la chumbani, na una watoto pembeni. Mama Zuwena akija anausalimia: "Shemeji, hujambo?" Kisha ananigeukia mimi: "Mumeo huyu wa pili anakua vizuri, na huyu hana siri." Siku aliyosema hivyo nilicheka, mara ya kwanza tangu uondoke, na baada ya kucheka nikakaa chini nikalia. Mama wa watu akakaa chini nami.

Naumwagia maji ya kuoshea vyombo. Siku nyingine naugombeza. Unanyamaza kama wewe, lakini majani yake yanacheza, angalau.

Basi nimeamua. Nitakuja kwenye saruji. Gaudensi nitamwambia mwenyewe asipange watu wa kunishika mikono. Nitakuja na mtoto mmoja wa mgomba huu nimemfunga kwenye gunia, nimpande upande wa miguu yako, saruji isipofika. Usidhani ni zawadi. Nataka ukae hapo ukiona kitu kilichoota mahali pako, ulipopaacha wazi.

Na mimi nitalala huku kwetu, upande wangu, Kastori katikati kama ulivyosema. Nimelisema kwenye jumuiya. Nimelisema sokoni. Nimemwambia Felista, nimemwambia mzee Fidelisi, Mama Zuwena analijua na wateja wake wanalijua. Wewe ndiye wa mwisho kuambiwa. Nimekuweka wa mwisho kwa makusudi, uonje.

Sijakusamehe. Bado natafuna. Lakini nakuahidi hili: sitatafunia pembeni. Kila nitakapokuja nitakaa kwenye hiyo saruji yao, nitakwambia lililobaki, kwa sauti, katekista asikie na mama yako asikie. Siku litakapolainika nitakuambia wewe kwanza, kabla ya soko.

Lala na mama yako, Baba Felista. Msalimie. Mwambie mkwewe angekuruhusu, kama angeulizwa.

Ni mimi mkeo,
Mama Felista